Seji ipi kwa mchochota upi? Ulinganisho wa viambata vya seji ya kawaida, seji ya Kigiriki na danshen

Mtu anayeanza kutafuta seji kwa nia ya kutuliza mchochota hukutana na bidhaa zinazobeba jina moja ilhali kazi zake hazifanani: majani makavu ya kutengenezea chai, kichupa kidogo cha mafuta makali, tinkcha ya pombe, marhamu, na vidonge vya mzizi mwekundu unaotumika tangu zamani katika tiba ya Kichina. Zote zinatokana na mimea ya jenasi ya Salvia, yenye spishi zinazokaribia 1,000, katika ukoo uleule wa mnanaa, mrehani na rosmari. Jina la Salvia limetoholewa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kuwa mzima au salama, na nadhani uzuri wa jina hilo umechangia watu kuamini kwamba seji ni seji tu, na kwamba aliyepata yoyote amepata zote.

Ulinganisho huu unahusu mimea mitatu ambayo ina historia ndefu katika tiba na imechunguzwa vya kutosha kuzungumziwa kwa uhakika, nayo ni seji ya kawaida (Salvia officinalis), seji ya Kigiriki (Salvia fruticosa, ambayo vitabu vya zamani huiita Salvia triloba) na danshen (Salvia miltiorrhiza, wenye ule mzizi mwekundu wa tiba ya Kichina). Nitaigusa mingine kwa kupita tu. Msimamo wangu ni kwamba swali la "seji ipi ni bora" limeulizwa mapema mno. La kuuliza kwanza ni mahali mchochota ulipo na njia ambayo kiambata kitapita hadi kufika hapo, kwa sababu viambata vya seji vimegawanyika makundi matatu: vinavyoyeyuka katika maji, vinavyoyakataa maji, na vinavyopaa pamoja na mvuke. Anayechagua mmea bila kuangalia mgawanyo huo anaweza kununua majani mazuri kabisa, kisha akakimwaga kiambata alichokitaka pamoja na makapi.

Mchochota na milango yake

Mchochota ni ile hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata joto, kuvimba na kuuma, inayotokea mwili unapojihami dhidi ya jeraha au vijidudu. Seli ikisumbuliwa, asidi ya arakidoniki hutolewa kutoka katika utando wake. Vimeng'enya vya siklooksijenesi huanza kuigeuza kuwa prostaglandini, ambazo huleta maumivu na uvimbe, na kimeng'enya kingine kiitwacho lipoksijenesi 5 huigeuza kuwa lukotrieni, ambazo huita chembe nyeupe za damu na kubana njia za hewa. Juu ya yote hayo iko protini iitwayo NF-kappa B, ambayo huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi za mchochota kwa mkupuo mmoja. Dawa kama ibuprofeni na aspirini hufunga mlango wa siklooksijenesi. Viambata vya seji havigombanii mlango huo mmoja, bali kila kimoja kina mlango wake, na hapo ndipo ulinganisho unapopata maana.

Viambata vyenyewe

Nianze na asidi ya rosmariniki, kwa sababu ndiyo inayoiunganisha mimea yote mitatu. Ilitambuliwa mwaka 1958 na wanakemia wa Italia walioitoa katika rosmari, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Imeundwa kwa molekuli mbili ndogo zilizoshikana, asidi ya kafeiki na nyingine ambayo katika danshen huitwa danshensu. Asidi hii huyeyuka vizuri katika maji ya moto, kwa hiyo ndiyo inayotawala katika kikombe cha chai ya seji. Miongoni mwa kazi zake zilizoelezwa vizuri ni kuvuruga mfumo wa komplimenti, yaani kundi la protini za damu zinazochochea mchochota, kwa kujishika na kipande cha protini kiitwacho C3b. Udhaifu wake uko katika safari: ikimezwa, sehemu kubwa yake huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo mpana kabla ya kuingia katika damu, na kinachopita huwa zaidi ni vipande vyake kuliko yenyewe ikiwa nzima. Kwa hiyo ni kiambata kinachofaa zaidi pale kinapoweza kugusana moja kwa moja na sehemu iliyoumia.

Katika mzizi wa danshen asidi hiyohiyo huenda hatua moja zaidi, kwani molekuli mbili za asidi ya rosmariniki huungana na kuwa asidi ya salvianoliki B. Farmakopia ya China, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka mzizi mkavu uwe na angalau asilimia 3.0 ya asidi hii, kiwango kikubwa kwa mmea wowote wa dawa. Kikemia, basi, seji ya majani na danshen ni ndugu kwa upande wa maji, na undugu huo unakomea hapo.

Upande wa pili uko asidi ya karnosiki na karnosoli, diterpeni za fenoli zinazopatikana katika majani ya seji ya kawaida, seji ya Kigiriki na rosmari. Hivi ndivyo viambata ninavyoviona kuwa na mvuto mkubwa kuliko vyote, kwa sababu ya mlango vinaoushika. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba huzuia lipoksijenesi 5, na pia huzuia kimeng'enya cha hatua ya mwisho kinachotengeneza prostaglandini E2, ile inayohusishwa sana na maumivu na homa. Ibuprofeni hufunga njia mapema, kabla prostaglandini hazijagawanyika, kwa hiyo huzizuia hata zile zinazolinda ukuta wa tumbo, ambapo kuzuia hatua ya mwisho pekee, angalau kinadharia, huziacha hizo nyingine ziendelee na kazi yake. Neno "kinadharia" nimelitumia kwa makusudi, maana sehemu kubwa ya kazi hii imefanywa katika seli na vimeng'enya vilivyotengwa, na kiwango kinachozuia kimeng'enya ndani ya chupa ya maabara huenda kisifikiwe katika damu ya mtu aliyekunywa chai. Tena chai yenyewe haivibebi vyema, kwa kuwa asidi ya karnosiki hukataa maji na huhitaji pombe au mafuta ili itoke katika jani. Ni kiambata kisichotulia pia, kwani hewa na joto huigeuza kuwa karnosoli na vitu vingine. Tabia hiyo ya kujitoa mhanga mbele ya oksijeni ndiyo iliyoifanya itumike kuzuia mafuta ya kula yasichache, na katika Umoja wa Ulaya dondoo la rosmari lenye viambata hivi limesajiliwa kama kiongezi cha chakula kwa namba E 392.

Cha tatu ni asidi ya ursoliki, triterpeni inayokaa hasa katika nta inayofunika jani. Mwaka 2001 watafiti walichapisha jaribio ambalo hadi leo linastahili kusomwa na kila anayefikiria kutengeneza marhamu ya seji. Walilipaka sikio la panya mafuta ya krotoni ili livimbe, kisha wakalinganisha madondoo mbalimbali ya seji ya kawaida. Madondoo ya heksani na klorofomu, yaani vimumunyisho vinavyotoa vitu vya mafutamafuta, yalipunguza uvimbe kwa kadiri ya kipimo kilichopakwa, dondoo la methanoli lilifanya kazi kidogo sana, na mafuta tete, yaani yale makali yanayopaa na mvuke, hayakufanya kitu. Walipoifuatilia sababu waliikuta asidi ya ursoliki, ambayo kwa kupakwa ilikuwa na nguvu takribani mara mbili ya indomethasini, dawa ya hospitali ya kundi la ibuprofeni.

Msomaji anaweza kuhitimisha kutokana na jaribio hilo kwamba mafuta tete hayana kazi katika mchochota, lakini mwaka 2013 uchunguzi mwingine ulichukua chai ya seji na kuijaribu juu ya seli za fizi za binadamu, ukakuta kwamba sineoli, borneoli, kafuri na thujoni, ambavyo vyote ni vya mafuta tete, vilishiriki katika kupunguza ishara za mchochota. Matokeo haya mawili hayapingani, kwa kuwa mojawapo linahusu ngozi ya sikio la panya iliyochomwa kwa kemikali na jingine seli za fizi zilizooteshwa maabara. Ukiyaweka pamoja unaiona tena hoja ya mahali: kilichoshindwa juu ya ngozi kinaweza kufaa kinywani.

Katika mafuta tete kuna viambata viwili vinavyopaswa kutenganishwa kwa uangalifu. Sineoli, ambayo pia ndiyo roho ya mafuta ya mkaratusi, ina ushahidi wa binadamu kuliko wenzake: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, wagonjwa 32 wa pumu waliokuwa wakitegemea vidonge vya steroidi walipewa ama sineoli, miligramu 200 mara tatu kwa siku kwa wiki 12, ama dawa tupu isiyo na kiambata, na waliopata sineoli waliweza kupunguza prednisoloni, steroidi yao, kwa asilimia 36 huku wenzao wakipunguza kwa asilimia 7. Hiyo ilikuwa sineoli safi katika vidonge, haikuwa chai ya seji, na hakuna mwenye pumu anayepaswa kugusa kipimo cha steroidi zake kwa sababu ya kikombe cha majani. Kwa upande wa pili thujoni huzuia vipokezi vya GABA katika ubongo, ambavyo kazi yake ni kutuliza neva, na kwa kipimo kikubwa huleta mtukutiko unaofanana na kifafa.

Seji ya kawaida mbele ya seji ya Kigiriki

Hapa ndipo uchaguzi wa kweli ulipo kwa watu wengi, kwa kuwa majani ya mimea hii miwili huuzwa kwa jina moja na mara nyingine huchanganywa. Zote ni za eneo la Mediterania, seji ya kawaida ikihusishwa zaidi na pwani ya Dalmatia huko Kroatia na seji ya Kigiriki na upande wa mashariki. Zote zina asidi ya rosmariniki, asidi ya karnosiki na asidi ya ursoliki, kwa hiyo katika viambata visivyoruka na mvuke tofauti zao hutegemea zaidi shamba, msimu na ukaushaji kuliko spishi. Kinachozitenganisha ni mafuta tete. Kiwango cha kimataifa cha mafuta ya seji ya Dalmatia kinaruhusu alfa-thujoni ya asilimia 18 hadi 43, beta-thujoni ya asilimia 3 hadi 8.5, kafuri ya asilimia 4.5 hadi 24.5, na sineoli ya asilimia 5.5 hadi 13. Katika seji ya Kigiriki mizani hugeuka, sineoli ikashika nafasi ya kwanza na thujoni ikabaki kidogo. Kwa wingi wa mafuta yote, Farmakopia ya Ulaya inadai angalau mililita 12 kwa kila kilo ya majani mazima ya seji ya kawaida na mililita 18 kwa yale ya seji ya Kigiriki, kwa hiyo hii ya pili ndiyo yenye harufu nyingi zaidi ingawa sumu yake ni ndogo.

Ukipewa jani zima unaweza kuzitofautisha bila maabara. Jani la seji ya Kigiriki mara nyingi huwa na vijisikio viwili vidogo chini yake, karibu na kikonyo, na ndivyo vilivyolipatia lile jina la triloba, yaani lenye ndewe tatu. Ukilifikicha, harufu yake hukumbusha mkaratusi. Jani la seji ya kawaida halina vijisikio hivyo kwa kawaida, na harufu yake ni nzito na chungu zaidi, yenye kafuri. Majani yakishasagwa, msaada pekee unaobaki ni jina la Kilatini kwenye lebo.

Kama lengo ni kunywa, tena kwa siku kadhaa, ningechukua seji ya Kigiriki bila kusita, kwa kuwa mnywaji anapata asidi ya rosmariniki na sineoli ileile akiwa na thujoni kidogo. Kama lengo ni kusukutua na kutema, tofauti hiyo inapungua uzito, na seji ya kawaida ina faida ya kuwa ndiyo iliyojaribiwa kwa watu. Mwaka 2006 lilichapishwa jaribio lililohusisha wagonjwa 286 wenye mchochota wa ghafla wa koo, ambamo dawa ya kupuliza yenye asilimia 15 ya dondoo la seji ilipunguza maumivu kuliko dawa tupu, na nafuu ilianza kuonekana ndani ya saa mbili za kwanza. Miaka mitatu baadaye, wagonjwa 154 walipewa ama mchanganyiko wa seji na ekinasia ama dawa ya klorheksidini na lidokeini, na makundi hayo mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Jaribio hili la pili lisomwe kwa tahadhari, maana sifa inagawanywa kati ya mimea miwili na hakuna anayeweza kusema ni kiasi gani cha seji.

Shirika la Dawa la Ulaya linaitambua seji ya kawaida kwa msingi wa matumizi ya kijadi ya muda mrefu, kwa mchochota wa kinywa na koo, mchochota mdogo wa ngozi, matatizo madogo ya tumbo na kutokwa jasho jingi. Utambuzi wa aina hiyo hautokani na majaribio ya kitabibu yaliyothibitisha nguvu yake. Mwongozo wake kwa kusukutua ni gramu 2.5 za majani yaliyokatwakatwa katika mililita 100 za maji yanayochemka, kwa watu wazima, na dalili zikizidi wiki moja mtu amwone mtaalamu wa afya. Kwa thujoni ukomo ni miligramu 6 kwa siku.

Ukomo huo unastahili hesabu fupi, kwa sababu unaeleza vizuri kuliko onyo lolote kwa nini majani na mafuta tete havilingani. Tone la mafuta tete lina uzito wa takriban miligramu 30. Kwa viwango vilivyotajwa hapo juu, tone moja la mafuta ya seji ya Dalmatia hubeba thujoni ya miligramu 6 hadi 15, maana yake ni kwamba tone moja tu likimezwa linaweza kuufikia ukomo wa siku nzima au kuupita zaidi ya maradufu. Majani katika maji ya moto huachia sehemu tu ya mafuta yake, na sehemu ya hayo hupaa na mvuke. Kuna ripoti za kitabibu za watoto waliopata degedege baada ya kupewa mafuta haya, na sioni mchochota wowote wa nyumbani unaohalalisha kuyameza.

Danshen ni jambo jingine

Anayetoka katika majani na kuingia katika danshen anapaswa kujua kwamba amebadilisha kiungo cha mmea, kemia na daraja la hatari. Kinachotumika ni mzizi, wenye ganda jekundu linalotokana na tanshinoni, diterpeni zenye rangi zisizopatikana katika majani ya seji ya kawaida. Zilianza kutengwa katika miaka ya 1930, na maarufu zaidi ni tanshinoni IIA na kriptotanshinoni. Katika seli zilizooteshwa maabara hutuliza NF-kappa B na kupunguza utengenezaji wa protini za mchochota, na kwa kuwa NF-kappa B iko juu ya njia zote, orodha ya magonjwa ambayo watu huzipigia tanshinoni debe imekuwa ndefu kupita kiasi.

Farmakopia ya China inadai tanshinoni kuu tatu zifikie jumla ya asilimia 0.25, kiasi kidogo sana ukilinganisha na asidi ya salvianoliki B. Tena tanshinoni hukataa maji, kwa hiyo mzizi uliochemshwa kwa maji hutoa kinywaji chenye asidi za salvianoliki huku tanshinoni nyingi zikibaki katika makapi. Upo utaratibu wa jadi wa kuuandaa mzizi huo kwa pombe ya nafaka kabla ya kuutumia, na kwa macho ya kemia utaratibu huo si ushirikina, maana pombe huzifikia tanshinoni ambazo maji hayazifikii. Hata zikitoka, tanshinoni IIA iliyomezwa hufyonzwa kidogo, jambo lililosababisha kutengenezwa kwa aina yake iliyounganishwa na salfoneti ya sodiamu ili iyeyuke katika maji na kudungwa kwa sindano hospitalini. Mtu akikusimulia mafanikio ya tanshinoni, ni vyema kuuliza kama anazungumzia sindano hiyo au kidonge cha mzizi uliosagwa, kwa sababu hivyo ni vitu viwili mbali kabisa.

Matumizi makuu ya danshen tangu zamani yamekuwa katika moyo na mzunguko wa damu, na hapo ndipo hatari yake ilipo pia. Tangu miaka ya 1990 zimeripotiwa kesi za wagonjwa waliokuwa wakitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambao damu yao ilikuwa nyepesi kupita kiasi baada ya kuongeza danshen, na baadhi yao wakavuja damu. Kwa mtu anayetumia warfarini, aspirini ya kila siku au dawa nyingine ya namna hiyo, au anayesubiri upasuaji, danshen inatoka katika orodha ya uchaguzi mpaka daktari wake aseme vinginevyo.

Ndugu wengine wa jenasi hii hawahitaji maelezo marefu. Seji ya Kihispania (Salvia lavandulifolia) karibu haina thujoni, na inaweza kushika nafasi ya seji ya Kigiriki kwa anayetaka kunywa. Klari seji (Salvia sclarea) ni ya manukato zaidi kuliko ya mchochota. Chia (Salvia hispanica) ni mbegu za mafuta ya omega-3, na kuwemo kwake katika ukoo huu huwashangaza wengi. Salvia divinorum hupumbaza akili na haihusiki hapa hata kidogo.

Maji, pombe au mafuta

Sasa uchaguzi unaweza kufanywa kwa kuanzia mwilini. Kwa koo linalowasha, fizi zilizovimba au vidonda vidogo vya kinywani, tumia maji: majani yaliyoloweshwa katika maji ya moto na kufunikwa ili mvuke usiondoke na sineoli, kisha kusukutua na kutema. Maji hutoa asidi ya rosmariniki, kifuniko huhifadhi sehemu ya mafuta tete, na kugusana moja kwa moja huondoa tatizo la ufyonzwaji. Hapa ndipo seji inaposimama imara kuliko kwingine kote.

Kwa ngozi, maji ndiyo kimumunyisho dhaifu kuliko vyote. Kinachotakiwa ni asidi ya karnosiki, karnosoli na asidi ya ursoliki, na zote zinataka pombe au mafuta. Ushahidi upo kwa binadamu, ingawa ni mdogo: mwaka 2007 migongo ya watu 40 wenye afya iliunguzwa kidogo kwa mionzi ya urujuanimno, kisha ikapakwa ama dondoo la seji la asilimia 2 lenye wingi wa diterpeni za fenoli, ama haidrokotisoni ya asilimia 1, ama dawa tupu, na seji ilipunguza wekundu kwa kiasi kinachokaribia kile cha haidrokotisoni. Dondoo hilo lilikuwa limekolezwa diterpeni za fenoli kwa kiasi ambacho majani yaliyolowekwa katika mafuta ya mzeituni jikoni hayawezi kukifikia. Anayetaka marhamu, basi, atafute yenye dondoo lililopimwa na kuandikwa, badala ya yale yanayojisifu kwa mafuta tete ya seji, ambayo katika jaribio la panya hayakuzuia uvimbe.

Kwa maumivu ya viungo, mgongo au mchochota wa kudumu wa ndani ya mwili, sipendekezi yoyote kati ya mitatu ichukue nafasi ya tiba. Viambata vinavyovutia zaidi kwenye karatasi ndivyo visivyoingia vyema katika damu, na kiambata kinachoyeyuka kwa urahisi ndicho kinachovunjwa njiani. Kuongeza vikombe ili kuziba pengo hilo huongeza thujoni kabla ya kuongeza nafuu.

Mjamzito asitumie seji ya kawaida kama dawa, wala mama anayenyonyesha, ambaye kwake seji ina sifa ya zamani ya kupunguza maziwa. Mwenye kifafa aikwepe yote yenye thujoni, mafuta na tinkcha vikiwa mbele.

Yanapobaki mambo ya ununuzi tu, lebo ndiyo ya kuhojiwa. Itaje spishi kwa Kilatini na sehemu ya mmea, kwa kuwa "dondoo la salvia" linaweza kuwa jani au mzizi. Itaje kimumunyisho, mathalani ethanoli na asilimia yake, kwa sababu hilo pekee linakuambia ni kundi gani la viambata limeingia katika chupa. Kwa dondoo la jani itaje asidi ya karnosiki au asidi ya rosmariniki kwa kipimo, na kwa danshen itaje asidi ya salvianoliki B na tanshinoni kila moja peke yake. Kwa majani makavu, chagua yaliyo mazima na yenye rangi ya kijani ya majivu kuliko unga wa kahawia, na yahifadhi katika chombo kilichofungwa mbali na mwanga, kwani jani lililosagwa zamani limekwisha kupoteza harufu yake na sehemu kubwa ya asidi ya karnosiki.